Shule yako ya sekondari inavyopimwa na vyuo vyenye ushindani mkali Marekani: mwongozo kamili

Katika vyuo vya Marekani vinavyodahili wachache, kila ofisa udahili hupewa eneo lake: jimbo, kaunti kadhaa, wakati mwingine kipande tu cha jiji kubwa. Shule za eneo hilo anazisoma mwaka hadi mwaka, na maombi ya wanafunzi wa shule moja mara nyingi huyapitia kwa mkupuo. Ndiyo maana A yako ya kemia haisomwi ikiwa peke yake. Inawekwa pembeni ya A za wenzako, pembeni ya kozi ulizokwepa, na pembeni ya karatasi moja ambayo wanafunzi wengi hawajawahi kuiona, yaani wasifu wa shule.

Tunaowaandikia hapa ni wanafunzi wa darasa la 8 hadi la 12 pamoja na wazazi wao. Wazazi wengi hutumia nguvu kubwa kutafuta shule yenye jina, halafu hawaulizi shule hiyo inamwekea mtoto nini mezani wala mtoto anachukua nini. Swali hilo la pili ndilo linaloamua mengi.

Jina la shule lina nguvu kiasi gani

Lina nguvu, ila si kwa njia inayodhaniwa. Mwaka 2023 watafiti wa kituo cha Opportunity Insights, Raj Chetty, David Deming na John Friedman, walichunguza vyuo 12: vile 8 vya Ivy League (vyuo vikongwe vya binafsi vya kaskazini mashariki, kama Harvard na Yale) pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Waliona kwamba watoto wa familia zilizo kwenye asilimia 1 ya juu kwa kipato waliingia vyuo hivyo kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya watoto wa kipato cha kati wenye alama zilezile za SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo. Sababu mojawapo ilikuwa alama ambazo vyuo hutoa kwa mambo ya nje ya darasa, ambazo waliosoma shule binafsi zisizo za dini walizipata kwa wingi. Faida ya shule ghali basi ipo, na sehemu yake kubwa inapitia kwenye barua nzuri za mapendekezo, mshauri mwenye muda, na orodha ndefu ya klabu na mashindano.

Lakini kuna upande wa pili. Utafiti wa Thomas Espenshade na wenzake, uliochapishwa 2005, ulionyesha kwamba ukiwachukua wanafunzi wawili wenye sifa sawa, yule aliyetoka shule iliyojaa vipanga alikuwa na nafasi ndogo kidogo ya kudahiliwa, maana alishuka kwenye orodha ya darasa lake. Na mwaka 2014 zilichapishwa tafiti juu ya sekondari za umma za mtihani wa kuingilia za Boston na New York, za aina ya Boston Latin na Stuyvesant. Watafiti waliwalinganisha waliopenya kwa tundu la sindano na waliokosa kwa alama chache. Kwa matokeo ya mitihani tofauti ilikuwa ndogo, na kwa upande wa New York hata ubora wa vyuo walivyokwenda haukutofautiana sana.

Ukikosa shule ya jina kwa alama mbili, usijione umefungiwa mlango.

Hatua ya 1: Pata wasifu wa shule, uusome kama anavyousoma ofisa udahili

Kwa Kiingereza unaitwa school profile. Ni karatasi ya kurasa 1 hadi 4 ambayo mshauri wa shule huituma pamoja na matokeo yako kwa kila chuo. Utafute kwenye tovuti ya shule, sehemu ya ushauri, au mwombe mshauri moja kwa moja. Si siri. Ufanye hivyo darasa la 9 au la 10, wakati bado unaweza kubadili kitu.

Chukua mfano wa wasifu unaosema hivi: wanafunzi wa darasa la 12 ni 420, kozi za AP (kozi za sekondari za kiwango cha chuo, zenye mtihani wake) ni 9, zinaanza darasa la 11, na hairuhusiwi kuchukua zaidi ya 3 kwa mwaka, shule haitoi namba darasani, wenye GPA, yaani wastani wa alama za kozi, ya 3.9 na kuendelea ni 38, wa 3.7 hadi 3.89 ni 61. Wastani wa SAT ni 1090.

Ofisa udahili akiona hapo, anapiga hesabu papo hapo. Mwenye 3.92 yumo ndani ya watu 38 kati ya 420, kwa hiyo yumo katika asilimia 10 ya juu, ingawa shule imesema haitoi namba. Mwenye 3.85 yuko kati ya nafasi ya 39 na ya 99, ndani ya robo ya juu lakini huenda nje ya asilimia 10. Idadi kubwa kabisa ya AP ambayo mtu anaweza kuimaliza hapo ni 6. Aliyechukua 6 amemaliza kila kilichoruhusiwa, na aliyechukua 5 yuko karibu kabisa. AP hizohizo 5 zikitoka shule yenye kozi 25 za AP na isiyo na kikomo, zitasomeka kama mtu aliyejihurumia.

Ukiwa na wasifu wako mkononi, andika mambo manne: kozi ngumu zilizopo ni ngapi na zinaanza darasa gani, kuna kikomo au hakuna, GPA yako inaangukia kundi lipi, na SAT ya kawaida hapo ni ngapi. Kisha angalia tarehe. Wasifu wa zamani ni tatizo la kweli. Shule iliyofuta kozi 3 za AP lakini wasifu bado unazitaja inakufanya uonekane umezikwepa. Ukiona kosa la namna hiyo, mwandikie mshauri kwa heshima, utaje kozi na mwaka ilipofutwa, na uombe lirekebishwe kabla ya Agosti. Mfumo wa Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, hufungua mwaka mpya wa maombi tarehe 1 Agosti.

Hatua ya 2: Jua kila chuo kinapima nini

Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka jedwali la takwimu liitwalo Common Data Set. Tafuta jina la chuo pamoja na maneno hayo, ufungue sehemu C7. Humo kuna orodha ya vigezo: ugumu wa kozi, namba darasani, GPA, mitihani, insha, mapendekezo. Kila kigezo kimewekewa alama kuanzia muhimu sana hadi hakiangaliwi. Sehemu C10 inaonyesha asilimia ya wanafunzi wapya waliokuwa katika asilimia 10 ya juu shuleni kwao, na C9 inaonyesha alama za SAT na ACT. Dakika 15 kwa kila chuo zinatosha.

Kwenye C10 angalia pia ni asilimia ngapi ya wanafunzi hao waliotuma namba darasani. Mara nyingi ni wachache, kwa kuwa shule nyingi zimeacha kuitoa, kwa hiyo kile kiwango kikubwa kinachotangazwa ni cha hao wachache.

Hatua ya 3: Panga kozi kuanzia mwisho ukirudi nyuma

Kwenye ripoti ya shule anayoijaza mshauri kuna kisanduku kinachouliza ugumu wa kozi zako ukilinganishwa na wenzako wa shule hiyohiyo: ngumu kabisa, ngumu sana, ngumu, za wastani, au chini ya hapo. Kwa vyuo vyenye ushindani mkali, tiki ya kwanza ndiyo unayoitaka, na ya pili inavumilika. Usikisie. Nenda kwa mshauri mwishoni mwa darasa la 9 na ratiba yako ya miaka mitatu, umuulize: nikichukua kozi hizi, tiki utaiweka wapi? Kila shule ina mizani yake, na wengine wanahesabu kozi za sayansi kuwa nzito kuliko za sanaa.

Panapoharibika zaidi ni hesabu. Anayeanza Aljebra 1 darasa la 9 hufuatiwa na Jiometria la 10, Aljebra 2 la 11 na prikalkulasi la 12. Kalkulasi haifikii. Hakuna aliyemkataza. Ni ratiba tu iliyomfungia njia alipokuwa na miaka 14. Kuna njia mbili za kuokoa hali: kusoma Jiometria na Aljebra 2 kwa pamoja darasa la 10, au kumaliza Jiometria kwenye masomo ya kiangazi baada ya darasa la 9. Yote mawili yanahitaji idhini ya shule, na maombi ya masomo ya kiangazi hufungwa mapema, kwa hiyo anza kuuliza Januari. Kwa uhandisi na fizikia suala hili ni zito; kwa historia au fasihi halimzuii mtu.

Na kama shule haina kabisa kozi unayoihitaji? Karibu nusu ya sekondari za Marekani hazifundishi kalkulasi, na vyuo vinalijua hilo. Hakuna anayekukata alama kwa kozi isiyokuwepo. Ila ukionyesha ulivyoitafuta kwingine, unapanda:

- Kozi za chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) ukiwa bado sekondari. Majimbo mengi hulipa ada yote au sehemu. Kumbuka kwamba alama hizo hubaki kwenye rekodi yako ya chuo maisha yote, kwa hiyo usianze na kozi mbili muhula uleule unaocheza mpira kila jioni.
- Mtihani wa AP bila kozi. Unajisomea na kufanya mtihani shule nyingine inayokubali watu wa nje. Mwaka 2025 mtihani mmoja ulikuwa dola 99, na ada hupunguzwa kwa wenye kipato kidogo. Kujisajili hufungwa Novemba kwa mitihani ya Mei. Wengi wanakumbuka Machi, wakati umekwisha.
- Kozi za mtandaoni zinazotambuliwa. Caltech, inayodai kalkulasi, fizikia na kemia, tangu 2023 inakubali wanafunzi ambao shule zao hazina kozi hizo wathibitishe uwezo wao kupitia tovuti za masomo za Khan Academy na Schoolhouse.world. Masharti yako kwenye tovuti ya chuo hicho, yasome neno kwa neno.

Makosa mawili yanajirudia kila mwaka. La kwanza ni kuchukua kozi nyepesi ili kulinda GPA ya 4.0. Vyuo vingi hukokotoa GPA upya kwa fomula yao, na A ya kozi nyepesi pembeni ya kozi ngumu iliyokuwepo inaonekana wazi. La pili ni kurundika AP 14 huku alama zikishuka hadi C na usingizi ukiisha. Ukiwa na B nyingi kwenye kozi ngumu, punguza moja.

Hatua ya 4: Namba darasani, pale ambapo ni sheria

Texas na California zimeiweka shule yako ndani ya kanuni yenyewe ya udahili. Hapa usibahatishe.

Texas ilipitisha sheria mwaka 1997 inayowadahili moja kwa moja kwenye vyuo vya umma vya jimbo wanafunzi wa asilimia 10 ya juu katika kila sekondari. University of Texas at Austin inaruhusiwa kubana zaidi: kwa miaka kadhaa ilikuwa asilimia 6, na kuanzia udahili wa msimu wa vuli 2026 ni asilimia 5. Katika darasa la watu 300, hao ni 15. Tofauti ya 15 na 16 inaweza kuwa kozi moja yenye uzito, kwa hiyo uliza shule yako inahesabu vipi GPA yenye uzito (inayozipa kozi ngumu pointi zaidi) na ni lini inafunga orodha, kwa kawaida mwisho wa darasa la 11. Tena elewa kwamba udahili huo ni wa chuo, si wa fani. Uhandisi au sayansi ya kompyuta bado unashindaniwa, na insha dhaifu huangusha watu waliokuwa wa pili darasani.

California ina mpango wa asilimia 9 ya juu katika kila shule shiriki. Mkazi wa jimbo aliyemo humo, akikosa kampasi zote za University of California alizoomba, hupewa nafasi kwenye kampasi yenye nafasi, mara nyingi Merced. University of California inadai kozi 15 zinazoitwa A-G, 11 kati yake ziwe zimekamilika kabla ya darasa la 12, na GPA isiyopungua 3.0 kwa mkazi. Katika udahili haiangalii SAT wala ACT kabisa. Mtego uko hapa: kozi isiyokuwa kwenye orodha rasmi ya A-G ya shule yako haihesabiki, hata uwe umepata A. Orodha hiyo iko wazi mtandaoni, kila shule na yake. Iangalie kila Februari kabla ya kuchagua kozi za mwaka unaofuata.

Hatua ya 5: Mfanye mshauri akujue kabla hajaandika

Chama cha washauri wa shule Marekani, ASCA, kinashauri mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Wastani wa nchi uko juu ya 350. Katika shule za umma kubwa, mtu anayeandika barua inayoeleza maisha yako ya miaka minne huenda amekuona mara mbili. Barua zake zinafanana kwa sababu hana cha kuandika, na kazi yako ni kumpa.

Mwezi wa Aprili wa darasa la 11 mpelekee ukurasa mmoja. Usijaze sifa; weka mambo anayoweza kuyanukuu. "Mimi ni mchapakazi na kiongozi" haimsaidii. Linganisha na hii: "Tangu darasa la 10 nawachukua wadogo zangu wawili shuleni saa tisa na nusu na kukaa nao hadi saa moja usiku. Ndiyo sababu sina klabu za jioni. Kemia nilianza na C Oktoba, nikaenda kwa mwalimu kila Jumatano saa ya chakula, nikamaliza na A." Sentensi kama hizo mshauri anazihamisha zilivyo. Ongeza kozi ulizotaka ukazikosa na sababu yake: ratiba ziligongana, kozi ilifutwa, nafasi zilijaa. Mwombe alitaje hilo katika barua yake. Likitoka kwa shule lina uzito kuliko likitoka kwako.

Walimu wawili wa kukuandikia waombe Mei, kabla hawajafunga shule. Chagua wa darasa la 11 katika masomo ya msingi, hata kama hakukupa alama ya juu kabisa.

Hatua ya 6: Alama ya SAT isome kwa kipimo cha shule yako

Dartmouth iliporudisha sharti la mitihani Februari 2024, ilieleza kwamba wanafunzi wa shule zisizo na rasilimali walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia. Alama 1400 inaonekana ndogo ukiiweka karibu na wastani wa chuo, lakini kwenye shule yenye wastani wa 1000 inasema kitu kikubwa. MIT ilitangulia kulirudisha sharti hilo 2022. Yale, Brown, Harvard na Caltech wakafuata 2024.

Kwa chuo kinachokuachia uamue mwenyewe, fuata kanuni hii: ikiwa alama yako iko juu ya wastani wa shule yako kwa 200 au zaidi na iko karibu na mpaka wa chini wa zile zilizo kwenye C9, itume. Ikiwa iko chini ya wastani wa shule yako, iache. Mwanafunzi wa kipato kidogo wa darasa la 11 au 12 anaweza kufanya SAT mara 2 bila ada, na msamaha huo hufungua pia msamaha wa ada za maombi katika vyuo vingi. Mshauri ndiye anayeutoa, kwa hiyo uombe mwenyewe bila kungoja kuitwa.

Hatua ya 7: Eleza shule yako bila kuilalamikia

Common App ina sehemu ya maelezo ya ziada na nyingine ya changamoto na mazingira. Zitumie kwa ukweli mkavu. "Shule yangu ni mbovu na haijali wanafunzi" inamwachia msomaji hisia tu. "Shule haikutoa fizikia mwaka 2024 na 2025 baada ya mwalimu pekee kuondoka, nilichukua Fizikia 1 chuo cha jamii Jumanne na Alhamisi jioni, nikapata A" inamwachia ushahidi. Sentensi tatu au nne zinatosha.

Kulea wadogo, kazi ya duka, kumtafsiria bibi hospitalini, vyote ni shughuli halali. Nafasi ni 10, kila moja maelezo ya herufi 150. Shule isiyo na klabu haikuachi mtupu kama saa zako umezitumia mahali.

Kuna pia milango iliyotengenezwa kwa shule zisizojulikana. Mpango wa ufadhili wa QuestBridge National College Match unawalenga wa darasa la 12 kutoka familia zenye kipato cha kawaida chini ya dola 65,000 kwa watu wanne; maombi hufungwa mwishoni mwa Septemba, na anayepatanishwa na chuo husomeshwa miaka minne. Posse, mpango mwingine wa ufadhili, huanza na uteuzi wa shule au taasisi ya jamii katika miji yake, kabla ya darasa la 12 kuanza. Kama shule yako haijawahi kumteua mtu, mwambie mshauri mapema. Kwa walioko vijijini na miji midogo upo mtandao wa vyuo wa STARS, ulioanza 2023 na vyuo 16.

Kuhama shule

Mzazi, hama kwa sababu moja kati ya hizi: shule iliyopo haina njia ya kufika kwenye kozi za msingi na hakuna chuo cha jamii karibu, au mtoto hayuko salama. Ukihama, iwe kabla ya darasa la 9 au la 10 kuanza. Anayehama darasa la 11 hupoteza walimu wa kumwandikia, mshauri mpya hamjui, na shule nyingi zina masharti ya miaka mingapi mtoto awe amesoma hapo ndipo aingie kwenye orodha ya namba. Kabla ya kusaini, omba wasifu wa shule mpya na uuweke pembeni ya ule wa zamani. Jiulize mtoto atakuwa kundi gani la GPA huko. Aliyekuwa wa 8 kati ya 300 akihamia penye vipanga watupu anaweza kujikuta wa 120, na kwa Texas hiyo ni kupoteza haki aliyokuwa nayo mkononi.

Baada ya kutuma

Shule haimalizi kazi yake Januari. Mshauri hutuma ripoti ya katikati ya mwaka mara alama za muhula wa kwanza zinapotoka, na kwa aliyewekwa kiporo (uamuzi wake umeahirishwa) au aliyewekwa kwenye orodha ya kusubiri, hizo ndizo habari mpya pekee za uhakika. Juni hutumwa ripoti ya mwisho. Ukiacha kozi ngumu uliyoiandika kwenye maombi, kijulishe chuo kwa maandishi kabla hujaiacha. Ofa hufutwa kwa kozi iliyopotea kimyakimya na kwa D za muhula wa mwisho, na barua ya kufuta huja Julai, wakati vyuo vingine vyote vimeshajaa.